Mkaa wa Siku Ile

9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujaanza kunihurumia, jua kwamba unaandikiwa na mtu mwenye bahati kuliko wote waliotoka tumboni mwa mama, na kuliko wote waliotoka matumboni mwa majirani. Wapo waliozaliwa na mali, wapo waliozaliwa na sura. Mimi nilizaliwa na bahati, na imenikaa mwilini kama shati lililopimwa na fundi mzuri.

Nimefika huku sijui hata kuomba maji kwa lugha yao, na leo mimi ndiye bosi wa mvuke katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa. Chumba kiko chini ya ardhi na hakina dirisha, lakini kina mashine ambazo marehemu baba angeziona angevua kofia. Moja inameza shuka za wodi nzima kwa mkupuo mmoja. Nyingine inanyoosha: unaingiza shuka lililojikunja kama uso wa shangazi, upande wa pili linatokea limenyooka kama karatasi. Nina watu sita chini yangu, na wote wananiogopa isipokuwa watano. Madaktari wakipita wananisalimia wao kwanza. Ungeniona, dada, ungesema huyu si yule aliyefukuzwa darasa la sita kwa kuuza madaftari ya wenzake.

Mama hajambo? Magoti yake vipi? Shemeji bado anakohoa? Wapake wanao mafuta vichwani kwa niaba yangu.

Sasa, hilo la Mahakama Maalumu ulilonigusia kwenye barua ya mwaka mpya. Ni jambo jema, mmefanya vizuri kujiandikisha wewe na mama. Mtu aliyeuliwa mzazi ana haki ya kukaa mahali akasikilizwa, hata kama miaka kumi na moja imepita na yule Kamanda Nadhifu ameshaota kitambi rumande. Lakini mimi usinihesabu. Unajua mwenyewe ilivyokuwa. Siku ile walipoingia mtaani, mkaa wa pasi dukani kwa baba ulikuwa umekwisha, mzee akanituma, muuza mkaa akanichelewesha kwa maneno yake yasiyo na mwisho, niliporudi mambo yamekwisha. Mdomo wa yule mtu ndio ulioniokoa. Kama hiyo si bahati, basi bahati haijazaliwa. Mwathirika ni mtu aliyepatwa na jambo. Mimi nilipatwa na gunia la mkaa.

Nisalimie mtaa mzima, hata wasionipenda.

Mdogo wako,
Bosi wa Mvuke

*

2 Machi

Mdogo wangu Bosi,

Marahaba. Barua yako imeletwa na dereva wa lori, inanuka vitunguu. Sisi wazima. Mume wangu amepata ulinzi wa mchana katika shule. Mwanangu mkubwa amefaulu, wa pili hajafaulu na wala hana habari. Mama anakula.

Ulimuuliza dereva kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu unacheka. Unaanza kucheka sijamaliza kuuliza, halafu mtandao unakatika, na nimeshagundua kwamba mtandao wako unakatika pale pale kila mara. Karatasi haikatiki.

Tulikuwa na mkutano wa waathirika katika ukumbi wa shule ya msingi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu. Wakili wetu ni mmoja kwa watu wote mia tatu, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Alitueleza kwamba sisi ni waathirika washiriki. Hatuwi mashahidi, na kushtaki kuna wenyewe. Ila tuna kiti, na kwenye kiti hicho anakaa yeye. Anaweza kuuliza maswali kwa niaba yetu, na wachache wetu wataitwa wasimame wawaambie majaji walichopoteza na wanachotaka.

Seremala wa kona, yule aliyempoteza mkewe na mkono mmoja, akauliza, "Kwa hiyo tumealikwa harusini, ila tule tukiwa dirishani?"

Wakili akafikiri, akasema, "Ndiyo. Lakini dirisha liko wazi."

Watu walicheka. Mama hakucheka, alinyoosha mkono. Wakili alipouliza nani anakubali awe wakili wetu, mama alinyoosha mkono. Alipouliza nani hakubali, alinyoosha pia. Nikaushusha taratibu. Aliyekuwa karibu nasi akasema mama anapiga kura mbili kama mbunge.

Sasa jambo lenyewe. Kesi ina maeneo saba, na mtaa wetu ni mojawapo. Kabla kesi haijaanza, majaji wataamua eneo gani lina ushahidi wa kutosha na lipi litolewe. Kamanda anakubali kwamba watu wake walikuja kwetu kutuadhibu, eti mtaa mzima ulikuwa unawahudumia wale wa upande wa pili. Lakini anasema yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa ng'ambo ya mto, hakuja, na hakutoa amri. Hakuna aliyemwona. Waliokuwa nje saa ile wamekufa, na waliojifungia ndani waliona uvungu wa kitanda.

Asipopatikana mtu aliyemwona, mtaa wetu utatolewa. Na mtaa ukitolewa, sisi tulioandikishwa kwa ajili ya mtaa huu tunatolewa pia. Wakili anasema hakuna atakayekana kwamba baba alikufa, ila atakuwa hakufa katika kesi hii.

Kwa hiyo nakuuliza kwa karatasi. Ulipokuwa unarudi na mkaa, hukuona mtu? Hata mgongo?

Dada yako

*

30 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Kosa si langu, ni la umaarufu. Mtu akiwa bosi anatafutwa na kila mtu, hata na wagonjwa.

Mimi mzima. Nimeungua kidogo mkono wa kushoto kwenye ile mashine ya kunyoosha, si kitu cha kukuondolea usingizi. Cha kuchekesha ni kwamba sikujua. Nilikuwa nasimulia jambo, mwenzangu mmoja, mama mnene anayepanga taulo, akaanza kunusa akasema kuna nguo inaungua. Tukatafuta nguo. Kumbe ni mimi. Daktari aliponifunga bendeji akaniuliza inauma kiasi gani, kutoka moja mpaka kumi. Nikamwambia aweke anayoitaka yeye.

Nimefurahi kusikia shemeji analinda shule. Mwambie awe mkali kwa walimu, watoto watajilinda.

Habari ya mkutano imenichekesha, hasa mama kupiga kura mbili. Mzee angesema afadhali yeye, wengine hawajawahi kupiga hata moja. Unakumbuka alivyokuwa akiulizwa kwa nini anafulia majeshi yote mawili? Anajibu kwamba nguo haina chama. Na kwamba kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo maana Mungu akaumba madobi.

Kuhusu mgongo. Dada, katika maisha yangu nimeona migongo mingi. Ya watu wanaonikimbia, ya wanawake wanaoniacha, ya polisi wakipita bila kuniona. Huo unaoutaka sikuuona. Nilikuwa mkaani. Mwambie huyo wakili wenu mwenye sauti ya kwaya kwamba mdogo wako hana faida naye. Mungu alinipitisha pembeni, na mtu akipitishwa pembeni hageuki nyuma kuuliza kulikuwa na nini.

Nimewanunulia wanao kalamu. Dereva akisema zimepotea, mwangalie mfukoni.

Bosi

*

18 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Kalamu zimefika, pungufu moja, na dereva sasa anaandikia ya bluu. Usiache mkono wako bila dawa. Mama hajambo kwa namna yake. Anakunja kila kitu. Jana amekunja gazeti la mume wangu kabla hajalisoma, pande nne, kona kwa kona, akalipiga kwa kiganja likalala. Mume wangu amelisoma hivyo hivyo, robo moja.

Nimechaguliwa kuwa mmoja wa watakaosimama mbele ya majaji, mtaa ukibaki. Wakili ananifundisha kusimama. Si kwamba anaweka maneno mdomoni mwangu, hapana, hilo haruhusiwi. Ananiuliza tu maswali ambayo huenda nikaulizwa, nami najibu, na mtu wake anapima muda. Wiki iliyopita aliniuliza baba yangu alikuwa mtu gani. Nikamwambia alikuwa dobi. Akasema endelea. Nikasema alifua vizuri. Akasema endelea. Nikakosa pa kuendelea. Nilitegemea nitalia kama wengine, hata kitambaa nilikuwa nimebeba. Sikulia. Nilikuwa natazama ubao wa darasa, mtu alikuwa hajafuta hesabu za kugawanya.

Halafu akaniuliza, "Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa nimepeleka nguo za wauguzi bwenini kwao, mama yuko kanisani anafagia, nikarudi jioni. Akaniuliza nilikuta nini. Nikamweleza ya nje, ya baba na majirani. Akauliza na ndani je. Hapo ndipo nilipojisikia nikisema jambo ambalo sijawahi kulisema kwa sauti. Nilimwambia ndani nilikuta nguo zote zimenyooshwa.

Wakili hakuona kitu hapo. Aliandika, akapita. Mimi ndiye niliyebaki hapo, na bado nipo.

Asubuhi ile mimi mwenyewe niliacha rundo la foronya na mashati ya watu, limejaa kikapu, bichi, halijaguswa na pasi. Niliporudi lilikuwa limenyooshwa lote mpaka la chini, limekunjwa, limepangwa mezani. Baba alikuwa mbele ya duka tangu asubuhi akipokea nguo, na wewe unasema mkaa ulikuwa umekwisha.

Nani alinyoosha?

Miaka yote hii sijakuuliza kwa sababu nilikuwa naogopa utanijibu. Sasa naogopa hutanijibu. Mficha uchi hazai, lakini sikutishi kwa methali, wewe una nyingi kuliko mimi. Nakuuliza tu.

Dada yako

*

11 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika. Mimi mzima, mkono umepona, umebaki na doa linalong'aa kama kola iliyopigwa pasi mara mbili.

Kazi ni nyingi. Kuna maradhi ya tumbo mjini, shuka zinakuja kwa malori.

Sijui nani alinyoosha. Labda mzee alinyoosha mapema. Labda majini. Mimi nilikuwa mkaani.

Nisalimie mama.

*

3 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Umesahau kutia sahihi, hata ile ya ubosi.

Sisi wazima. Mvua imeangusha ukuta wa choo, seremala ameziba kwa mbao kwa mkono wake mmoja na maneno ya watu wawili. Mwanangu wa pili amerudia mtihani.

Majaji wamepanga siku. Tarehe ishirini na tatu mwezi ujao wataamua kuhusu mtaa wetu. Wakili amesema mbele ya mkutano wote kwamba hakuna mtu atakayelazimishwa. Mwathirika ana haki ya kusema, na ana haki ya kunyamaza, na haki zote mbili zina uzito sawa. Seremala akasema ya pili amekuwa akiitumia bure muda wote, bila hata wakili. Baadaye alinifuata nje. Anajua nakuandikia. Hakuniomba nikusumbue. Aliniuliza tu kama huko mliko kuna baridi.

Nitakwambia jambo moja, halafu sitakuuliza tena.

Barua zako huwa namsomea mama. Hajui kusoma, na anapenda jinsi unavyojisifu, nikifika kwenye madaktari wanaokusalimia wao kwanza anatikisa kichwa kidogo. Hii fupi nilimsomea pia. Nilipofika kwenye mkaa akanyoosha mkono. Nikadhani ni ule mkono wake wa mikutanoni, nikataka kuushusha. Akaukaza. Nimekuwa nikikwambia mama anakula, mama hajambo kwa namna yake. Sikukwambia kwamba hajatamka neno tangu mwaka jana. Sikutaka uje mbio, na sikutaka usije.

Akasema, "Mkaa ulikuwepo. Niliununua mimi jana yake. Gunia zima."

Nikamuuliza kwa nini hajasema siku zote.

Akasema, "Mtoto alitaka awe hayupo. Nikamwacha awe hayupo."

Akarudi kukunja taulo.

Basi. Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia anwani ya ofisi iliyo katika mji wako. Wana watu wanaosikiliza, na wana runinga inayokuunganisha na majaji bila wewe kusafiri. Wanaweza kukuwekea pazia, na sauti yako wakaibadilisha usitambulike hata na mimi. Usipokwenda, nitasimama kwenye kikao cha mwisho niseme baba yetu alikuwa dobi na alifua vizuri, kisha nitarudi nyumbani. Hutakuwa umenikosea.

Dada yako

*

29 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu, mwambie asinyooshe mkono, nakuja kwenye hilo.

Nimekwenda kwenye ile ofisi. Ni ghorofa ya pili juu ya duka la miwani. Wamenipa maji na kiti chenye magurudumu, nikawa naserereka kila nikijisogeza. Alikuwepo dada mmoja mwenye mashine ya kurekodi, na mkalimani. Nilijaribu kumchekesha mkalimani nikashindwa. Alitafsiri kila mzaha neno kwa neno, yule dada akauandika. Kwa hiyo sasa kuna mizaha yangu katika faili la Mahakama Maalumu. Baada ya hapo nikaona niseme tu.

Nakuandikia yale yale niliyowaambia, usije ukayasikia kwanza mbele ya watu.

Nilikuwa chumba cha nyuma napiga pasi. Shuka za wauguzi zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba kati yangu na duka, unakumbuka tulivyokuwa tunazianika ndani mvua ikitishia. Nilisikia gari. Mzee akafurahi. Akasema hawa hata vita ikichacha wanajua siku yao ya kuchukua nguo, si kama wenye vyeo vya mjini. Alidhani ni wateja, dada. Na walikuwa wateja. Akaniita nilete shati la Kamanda, lile la kola ngumu. Nikalichukua, nikataka kutoka nalo. Nilikuwa kifua wazi kwa ajili ya joto la pasi. Mzee akanitolea macho, akalipokea kwa juu ya kamba, akaninong'oneza, "Huwezi kutokea mbele ya mteja kifua wazi. Rudi huko."

Nikarudi. Ni hivyo tu. Hakuna ujanja mwingine uliofanyika.

Aliyeingia ni yeye mwenyewe. Nilimwona kati ya shuka mbili, uwazi wa upana wa kiganja. Mzee hakumpa shati. Akaanza kuhesabu vifungo mbele yake, maana hakuna shati lililowahi kutoka dukani kwetu bila vifungo kuhesabiwa mbele ya mwenyewe, awe mchungaji awe mwizi. Kamanda akasimama akangoja, mikono nyuma, kama mtoto anayepimwa sare. Vilipotimia akavua shati alilovaa akavaa safi pale pale. Akasema wanga umezidi. Mzee akamwambia avae mara mbili litalegea. Akampa mzee lile chafu. Mzee akasema, "Alhamisi." Kamanda akasema lina doa, twende nje nikuoneshe kwenye mwanga.

Mzee akatoka nalo. Unajua alivyokuwa na madoa, ungemwambia kuna doa mwezini angepanda.

Kamanda alisimama mlangoni anafunga vifungo vya mikono. Kisha akawaambia wale wa kwenye gari, "Anzeni na huyu. Halafu nyumba kwa nyumba."

Sikusimuliwa. Nilisikia kwa masikio haya, sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chai.

Yaliyofuata nje unayajua kuliko mimi, wewe uliyaona jioni, mimi niliyasikia tu. Nitakwambia ya ndani. Pasi ilikuwa mkononi mwangu, imejaa makaa, iko juu ya foronya ya mto. Nikiinyanyua na kuiweka kwenye chuma chake, italia. Nikiiacha pale, foronya itaungua, moshi utapita juu ya shuka. Kwa hiyo niliisogeza. Niliisogeza mbele, nikaisogeza nyuma. Foronya ilipokwisha nikachukua nyingine. Walikuwa wanaingia kwa jirani, mimi nanyoosha. Walikuwa kwa seremala, nanyoosha. Sikulia, dada. Sikuhisi hata hofu. Nilikuwa nafikiria kola, kwamba kola huanzwa kwenye ncha kuelekea katikati. Nilinyoosha mpaka kikapu kikaisha, nikakunja, nikapanga mezani, kwa sababu baada ya kunyoosha watu hukunja.

Yule dada mwenye mashine akaniuliza nilijisikiaje. Nikamwambia aandike anachotaka. Mkalimani akatafsiri. Akasema hapana, anataka nijibu mwenyewe. Magari yalikuwa yanapita chini. Nikamwambia sikujisikia chochote siku ile, na nimekuwa nangoja kianze. Akaandika.

Gari lilipoondoka nilivaa shati. Nikachukua gunia la mkaa lililokuwa uani, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka mtaa wa pili, nikarudi kwa barabara kuu nikiwa nimelibeba begani, kama mtu anayetoka sokoni. Watu waliniona nikifika. Walinishika, wakanilaza chini, wakasema huyu Mungu amempenda, alikuwa ametumwa mkaa. Mimi sikusema. Walisema wao. Nikaona ni shati linalonitosha, nikalivaa, na tangu hapo sijalivua hata kwa kulifua.

Majaji watanisikiliza kwa runinga kabla ya tarehe yenu, wakili wenu wa kwaya atakuwepo upande wenu na ameshasema ataniuliza maswali mawili. Wa Kamanda ataniuliza mengi. Atasema mtu hawezi kupiga pasi wakati baba yake anauawa. Itabidi nimwambie anaweza. Walitaka kuniwekea pazia, nimekataa. Nilitosheka na shuka. Nimejiandikisha pia, kwenye upande wa waathirika, namba yangu inafuata ya mama. Yule dada aliniuliza niandikwe nimepatwa na nini. Nilimwambia aandike baba.

Sijui kama mtaa utabaki kwenye kesi. Neno la mtu mmoja ni jepesi, wameniambia hivyo bila kuzunguka. Ukibaki, wewe simama useme alikuwa dobi, na wakisema endelea, endelea na vifungo. Mwambie seremala huku kuna baridi.

Na huku mimi si bosi wa mtu. Kazi yangu ni kutoa shuka chafu kwenye mifuko kabla hazijaingia kwenye mashine, na hao watu sita wananituma wote. Madaktari hawapiti kwetu.

Mwambie mama ndiyo, mkaa ulikuwepo, hakuna aliyenituma popote. Ile bahati yangu ilikuwa uongo.

Mdogo wako